Vifukofuko Ishirini na Vinane

Kwa miaka thelathini na mmoja Taalke Ubben alipiga pasi mashuka ya hospitali, na hakuna shuka lililowahi kurudishwa kwake kwa sababu ya kunyanzi. Mjini Leer, kaskazini mwa Ujerumani, walimjua hivyo: mtu wa kazi safi, maneno machache, ahadi haimponyoki. Mumewe alikufa mapema, mtoto hakujaliwa, na kwenye meza ya jikoni, pale ambapo wengine wangeweka televisheni ndogo, yeye aliweka sisimizi.

Walikuwa sisimizi weusi wa kawaida, wale wanaopanda ukuta wa kila nyumba. Aliwalea tangu malkia wao alipokuwa peke yake ndani ya neli ya kioo. Sasa, katika mwaka wa sita, walizidi elfu mbili na walikaa ndani ya sanduku la plasta lenye vyumba na vichochoro. Jirani zake walimcheka. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi alikwenda kwenye chumba cha nyuma cha baa moja karibu na bandari, walikokutana walezi tisa wa sisimizi kunywa bia na kubishana. Huko hakuna aliyemcheka, kwa kuwa wote waliugua ugonjwa mmoja.

Kaka yake Habbo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuambukizwa. Alikuwa mlinzi wa malango ya mfereji, mtu mkubwa wa mikono na sauti, aliyemtangulia Taalke kwa miaka sita, na kwa miaka mingi alimwita dada yake "mchungaji wa mifugo isiyo na maziwa." Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua, madaktari wakamwambia kazi basi. Wiki yake ya mwisho kwenye malango ilikuwa ya Julai, na jua lilipotoka baada ya mvua, sisimizi wa mji mzima wakaruka kwenda kufunga ndoa angani, kama wanavyofanya mara moja kwa mwaka. Malkia mmoja, amekwisha pandwa na amekwisha kata mbawa zake, akaanguka juu ya mkono wa shati la Habbo. Habbo akamwaga vidonge vya moyo mfukoni, akamtia malkia ndani ya kichupa kilichobaki kitupu, akaenda nacho kwa dada yake.

"Huyu ameniangukia mimi," akasema, kama mtu anayekiri kosa. "Sasa nifanyeje?"

Taalke akamwonyesha. Unatia maji mwisho wa neli, unayaziba kwa pamba, unamwingiza malkia, unaziba kwa pamba tena, unafunika kwa karatasi nyekundu ya nailoni kwa sababu rangi hiyo sisimizi hawaioni, kwao ni giza.

"Halafu?"

"Halafu unamwacha. Ukimfunuafunua atahofu, na akihofu atakula mayai yake. Kama unampenda, kaka, usimtazame."

Habbo alimwacha. Yule mtu ambaye hakuweza kuacha mlango wa mfereji bila kuutikisa mara tatu alikaa majuma mawili mawili bila kugusa karatasi. Kabla ya baridi alikuwa na vibarua tisa, yaani sisimizi wafanyakazi waliozaliwa na malkia, wadogo kama herufi zilizoanguka kutoka gazetini. Akawalaza kwenye friji miezi yote ya baridi, kando ya siagi, kama sheria ya walezi inavyotaka, maana sisimizi hao hulala msimu wote wa baridi, na Machi akawatoa wote tisa wazima. Siku hiyo alimpigia simu Taalke kazini. Mkewe alikuwa ameshakwenda zake Bremen zamani, mfereji ulikuwa na mlinzi mwingine, na madaktari walikuwa wamemwondolea bia, chumvi na ngazi. Kilichobaki kikawa malkia.

Mwezi Mei wakampasua. Julai wakampeleka milimani, kwenye nyumba ya kupumzishia wagonjwa wa moyo, kwa majuma manane. Kabla ya kuondoka alimletea Taalke ile neli mikononi, imefungwa ndani ya soksi ya sufu, pamoja na maagizo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tone la asali Jumatatu. Nzi mmoja mdogo Alhamisi. Kufunua Jumapili tu, dakika moja.

"Mimi ndiye niliyekufundisha hayo," Taalke akasema.

"Najua. Ndiyo maana naweza kulala usingizi huko."

Sasa, katika chama kile cha walezi palikuwa na sheria moja iliyotajwa kwa sauti ya kanisani: kaya changa ikue kwa mayai ya malkia wake mwenyewe. Mlezi mwenye kaya kubwa anaweza kuchota vifukofuko, yaani watoto waliolala ndani ya hariri wakingoja kutoka, akaviingiza kwa kaya ndogo, nao wakitoka humo watadhani ndiko kwao. Kaya hunenepa kwa wiki mbili. Walezi wengi duniani hufanya hivyo na hawaoni haya. Leer waliita jambo hilo kuiba mimba. Kila Agosti walipanga mezani kaya zote zilizozaliwa na mruko wa mwaka uliopita, wakahesabu vibarua mbele ya watu, na mwenye kaya iliyozidi zote akatajwa jina.

Alhamisi ya kwanza ya Julai kila mtu alitaja hesabu ya kaya yake. Eilert, mpeleka barua, mwenye ndevu na mdomo, alikuwa na sitini na mbili. Taalke akataja ya kaka yake: kumi na nne.

"Kumi na nne!" Eilert akasema. "Hiyo ni kaya au ni timu ya mpira pamoja na wachezaji wa akiba?"

Wakacheka. Taalke naye akatabasamu kidogo.

"Na kocha yuko hospitali," Eilert akaongeza, na hapo mmoja akamkanyaga mguu chini ya meza, kwa maana alikuwa amevuka mpaka.

Taalke alirudi nyumbani na neno hilo kama mfupa kooni. Alijiambia kwamba anamwonea kaka yake huruma. Huruma ilikuwepo, tusimnyime. Lakini ndani yake palikuwa na kitu kingine kisichopendeza: Habbo alikuwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi wa Taalke Ubben alikuwa amechekwa.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana alifungua sanduku lake la plasta. Jua lilikuwa limejaa jikoni. Kwa kibano alichota vifukofuko ishirini na vinane kutoka kwa wale elfu mbili wake, kimoja kimoja, akavilaza juu ya kitambaa cheupe kama mbegu za mpunga. Vibarua wa kaya yake waliving'ang'ania, na kila alipookota kimoja ilimbidi apulize, atikise, amwondoe anayening'inia. Kila mlezi anajua sababu. Kifukofuko hakina harufu ya ukoo bado, lakini kibarua mzima anayo, na akiingia nyumba ya watu anaingia na vita. Kisha akafungua pamba ya neli ya Habbo na kuvimimina.

Na hapo, vilipokuwa vikiteremka juu ya kioo, aliona miguu. Vibarua wawili wa kwake walikuwa katikati ya vile vifukofuko, wameng'ata hariri.

Ingempasa avimwage vyote nje na kuanza upya. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Alisimama na pamba mkononi, na moyo wake ukamwambia kwamba pengine ni vibarua wa Habbo waliokuja kupokea, pengine ni wachanga waliotoka sasa hivi, hawana harufu. Hata rangi yao hakuiangalia vizuri. Akaziba neli, akateremsha karatasi nyekundu, akaosha vyombo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kufunua. Hakufunua. Alifunua Jumatatu, na malkia alikuwa amelala ubavu kwenye pamba, kiuno kimekatwa. Wale wageni wawili walikuwa wamekufa, vibarua watano wa nyumbani wamekufa. Wale tisa waliobaki walikuwa wamemzunguka mama yao wakimlamba, kichwa, tumbo, miguu, kwa utulivu uleule wa kila siku. Mmoja alimletea tone la asali na kuligusisha kinywani mwake, akangoja, akaligusisha tena.

Kuna watu watakaosema sisimizi ni sisimizi tu, ukikanyaga mia barabarani huombi radhi. Waache waseme. Kiumbe unachokipita njiani hakidai kwako kitu. Kiumbe ulichokabidhiwa na mtu, ukakiwekea kioo na ukuta, kimekutegemea wewe na hakina pengine pa kwenda. Taalke alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini. Alikaa mbele ya neli mpaka chai yake ikapoa, na hakulia, kwa kuwa aliona hana haki ya kulia.

Siku ya nne vibarua walipochoka kumlamba, alimtoa malkia kwa kibano na kumweka kwenye kiberiti kitupu, juu ya kipande cha pamba.

Jumapili iliyofuata Habbo alipiga simu. Alieleza juu ya milima, juu ya supu isiyo na chumvi, juu ya mwalimu wa mazoezi anayewaimbisha wazee. Kisha akauliza, kwa sauti ya kujifanya hajali, malkia hajambo?

"Hajambo," Taalke akasema.

"Ametaga?"

"Ametaga."

Uongo ukishauzaa lazima uulishe. Jumapili iliyofuata ilibidi mayai yawe mabuu. Ile nyingine, mabuu wakanenepa. Habbo aliandika yote kwenye daftari lake huko milimani na kumsomea, na Taalke alimsikiliza kaka yake akisoma uongo wake kwa furaha, tarehe kwa tarehe.

Mwisho wa Julai sisimizi wa mji wakaruka tena. Taalke alitoka kazini akatembea kando ya kuta, ameinama, mpaka akapata malkia mpya. Aliwaza kwamba anaweza kuliziba pengo na mtu asijue. Alimlaza kwenye friji apoe, akawapoza na vibarua, akawaunganisha wakiwa wamezubaa. Walipopata joto, wakamshika. Mmoja mguu, mwingine mguu, wengine kipapasio, wakamvuta kila upande, na alichukua mchana mzima kufa. Taalke hakuondoka pale kitini. Huyo naye aliandikwa kwenye deni la roho yake, na huyo hakuwa amekabidhiwa na mtu. Alikuwa akitembea zake ukutani.

Vifukofuko vilipasuka vyote. Agosti kaya ya Habbo ilikuwa na vibarua thelathini na saba, weusi, wanaong'aa, wenye kazi. Wakachota maji, wakasafisha chumba, wakajipanga mlangoni kama walinzi. Ukiwatazama, ungesema hakuna nyumba yenye heri kama ile.

Onyesho lilikuwa Jumamosi ya tatu. Taalke alitaka kusema anaumwa, lakini saa tatu asubuhi Eilert mwenyewe alikuja na gari kumchukua, akiwa na aibu ya lile neno lake la Julai, na akaibeba neli kama yai. Mezani waliwahesabu vibarua walipotoka chini ya karatasi kufuata tone la asali. Eilert alikuwa na themanini na moja, akatajwa jina. Lakini mwenyekiti akasema kwamba kutoka kumi na nne kufika thelathini na saba kwa wiki sita, mwenyewe akiwa kitandani, ni jambo la kupigiwa makofi, na kwamba malkia huyo ni wa kabila la pekee. Karatasi yenyewe hakuna aliyeifunua kumtafuta malkia, maana walezi wa Leer hawafunui. Wakampigia Habbo simu, wakaiinua hewani, chumba kizima kikapiga makofi ndani ya simu.

"Dada yako huyu ni mwalimu," Eilert akamwambia Habbo. "Mimi nimefunga mdomo wangu kuanzia leo."

Simu ilipofika kwa Taalke hakusikia maneno, alisikia mtu mzima akivuta pumzi kwa pua. Akairudisha kwa Eilert.

Habbo alirudi Ijumaa ya mwisho ya Agosti. Jumapili alasiri Taalke akaenda kwake na neli ndani ya soksi, na kiberiti mfukoni. Njiani alikuwa ameamua kusema mlangoni. Mlangoni hakusema. Habbo alikuwa amekonda, shingo imepungua ndani ya kola, lakini alitembea wima na alikuwa ameandaa chai kama inavyopaswa: jiwe la sukari ndani ya kikombe, chai juu yake mpaka jiwe lilie, malai ukingoni, bila kukoroga. Kwa watu wa pande zile vikombe vitatu ni haki ya anayeketi mezani. Unapotosheka unatia kijiko ndani ya kikombe, na mwenye nyumba anaacha kumimina.

Aliweka neli katikati ya meza, kwenye kitambaa, na hakuigusa. Alizungumza. Huko milimani walimwita baba wa malkia. Daktari mmoja kijana alimwuliza kuna nini nyumbani kinachomfanya atake kupona, kwa kuwa wengine wanataja wajukuu, naye akaona haya kusema, kisha akasema. Kila asubuhi alitembea kilomita mbili, na pale kwenye mlima ambapo miguu ilikataa, alihesabu vibarua. Thelathini na saba, hatua thelathini na saba, halafu tena.

"Leo Jumapili," akasema, akanyoosha mkono kwenye karatasi nyekundu. "Dakika moja."

"Kaka, usifunue."

Alisimamisha mkono.

"Hayumo," Taalke akasema. "Alikufa Julai. Nimemuua mimi."

Akamweleza yote kwa mpangilio, bila kuruka kitu: neno la Eilert, vifukofuko, malkia aliyelala ubavu, simu za Jumapili, malkia wa pili, makofi. Hakusema alifanya kwa ajili yake. Neno hilo lilimfika ulimini mara mbili akalimeza. Habbo alisikiliza akitazama neli, ambamo vibarua wawili walikuwa wakibeba uzi wa pamba kutoka huku kwenda kule.

Alipomaliza, Habbo akauliza jambo moja tu.

"Hao wawili. Uliwaona kabla hujaziba?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angesema hapana, ingekuwa ajali, na ajali kaka mtu husamehe kabla chai haijapoa. Hakuna shahidi duniani aliyekuwapo jikoni siku ile.

"Niliwaona," akasema.

"Ukaziba."

"Nikaziba."

Habbo akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa hesabu ikatimia. Akanyoosha mkono akauliza yuko wapi. Taalke akatoa kiberiti. Habbo akakifungua, akatazama ndani kwa muda mrefu, zaidi ya dakika moja, akakifunga, akakitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kovu. Kisha akachukua kijiko chake na kukitia ndani ya kikombe. Kikombe cha kwanza. Akachukua na kijiko cha dada yake, akakitia ndani ya kikombe cha dada yake.

Katika miaka hamsini na saba Taalke hakuwahi kuona mtu akitiliwa kijiko na mwingine. Akainuka.

"Wachukue hao," Habbo akasema. "Ni watoto wako."

"Kaka—"

"Ni wako, Taalke. Wangu ni tisa, nao siwezi kuwatambua. Nenda nao."

Alhamisi ya kwanza ya Septemba alisimama kwenye chumba cha nyuma cha baa, akayasema yaleyale mbele ya watu wanane walioshika bilauri. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilikuwa zito kuliko kicheko. Mwenyekiti akafuta mstari mmoja kitabuni. Eilert alimfuata nje, akasimama na kofia yake, akasema lile neno la kocha lilikuwa lake, basi sehemu ya kosa ichukuliwe kwake. Taalke akamjibu kwamba ulimi wa mtu haushiki kibano. Akaenda zake kwa miguu.

Habbo hakupiga simu Septemba nzima. Taalke alipita nyumbani kwake mara tatu akaona taa, hakubisha hodi. Aliwalisha wale yatima, tone la asali Jumatatu, nzi Alhamisi. Waliendelea kulinda mlango. Waliendelea kufagia chumba cha mayai, chumba ambacho hakitapata yai. Mwenzake kazini alimshauri awamwage bustanini yaishe. Hakuwamwaga. Aliona kwamba kuwamwaga ni kuosha vyombo kwa mara ya pili.

Oktoba baridi ikaja, na pamoja nayo swali ambalo hakuna kitabu cha walezi kinachojisumbua nalo: kaya isiyo na malkia, inalazwa kwenye friji au haina haja? Alijua jibu lake mwenyewe. Hata hivyo akainua simu, akapiga namba ya kaka yake. Iliita mara saba.

"Ndiyo," Habbo akasema.

"Baridi imefika. Niwalaze?"

Alisikia saa ya ukutani ya kule kwa kaka yake.

"Walaze. Digrii sita. Neli ilale, isisimame, maji yasije yakawafuata." Kisha akauliza, "Wamebaki wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Akifa mmoja unaniambia."

"Nitakuambia."

"Siku hiyohiyo, Taalke. Si Jumapili."

"Siku hiyohiyo."

Akakata. Taalke akafungua friji, akasogeza siagi na mtungi wa matango, akailaza neli. Mpaka Krismasi alikuwa amepiga simu mara nne. Kila mara Habbo alipokea, akasikia idadi, akasema "haya," akakata. Mara ya nne, baada ya kusema "haya," alichelewa kidogo kukata.